Siri za Serikali zalindwa kuliko siri za raia

JUMAMOSI, Juni 7, 2025, maafisa wa polisi walimkamata Albert Ojwang nyumbani kwao katika kaunti ya Homa Bay. Kosa alilodaiwa kutenda lilihusu ujumbe katika mtandao wa X uliomtaja Naibu Inspekta Jenerali wa Polisi, Bw Eliud Lagat. Alisafirishwa hadi Nairobi, akafungiwa katika Kituo cha Polisi cha Central, na kufikia kesho yake alikuwa ameaga dunia.

Marehemu alikuwa mwalimu katika Shule ya Upili ya Wavulana ya Kituma, kaunti ya Taita Taveta. Polisi walidai awali kwamba alijigonga kichwa ukutani. Uchunguzi wa maiti ulipopinga maelezo hayo, Inspekta Jenerali Douglas Kanja aliomba radhi mbele ya Seneti. Baadaye mwezi huo watu sita, wakiwemo maafisa wa polisi, walishtakiwa kwa mauaji. Yaliyotendeka ndani ya seli ni ya mahakama kuamua.

Lipo hata hivyo swali jingine ambalo lilifunikwa na simanzi na hasira za siku zile. Ni kwa njia gani maneno yaliyoandikwa katika simu yaligeuka kuwa ramani ya kuwafikisha maafisa katika boma la kijijini? Nani aliomba habari hizo, aliziomba kwa nani, na kwa kibali cha nani?

Swali hilo halimhusu mwalimu mmoja peke yake. Linamhusu kila Mkenya mwenye simu na kitambulisho, awe Nairobi au awe Mraru, viungani mwa Voi. Jibu lake lafichua kasoro kubwa: sheria za Kenya huzilinda siri za Serikali kwa uthabiti ambao siri za raia hazijapata kuonjeshwa.

Kutoka daftari hadi simu

Eneo la Mraru lilijipatia sifa miaka ya 1970 wakati kikundi cha wanawake kilipochanga fedha kidogo kidogo hadi kikanunua basi, kwa kuwa magari yaliyopita huko aghalabu yalikuwa yamejaa na wao waliachwa barabarani na mizigo yao. Hesabu za vyama vya aina hiyo ziliandikwa daftarini. Aliyetaka kujua nani amechanga kiasi gani ilimbidi aombe daftari, na mwenye daftari alikuwa na uwezo wa kumuuliza analitakia nini.

Leo mchango wa chama hutumwa kwa M-Pesa, huduma iliyoanza mwaka 2007. Kila shilingi huacha alama ya nani ametuma, nani amepokea, siku gani na saa ngapi. Laini ya simu haisajiliwi bila kitambulisho. Tiketi ya gari moshi katika stesheni ya Voi, tangu reli ya SGR ilipofunguliwa mwaka 2017, hukatwa kwa nambari ya kitambulisho. Tangu Oktoba 2024, anayetaka bima ya afya ya umma hana budi kujisajili kwa Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA.

Zaidi ya hayo, lipo jicho la kale zaidi. Mpango wa Nyumba Kumi uliosisitizwa na Serikali tangu mwaka 2013 humtaka jirani amjue jirani yake na kupeleka habari kwa mzee wa mtaa. Mzee hupeleka kwa naibu wa chifu, naye kwa chifu, na ngazi huendelea kupanda hadi kwa kamishna wa kaunti, Waziri wa Usalama wa Ndani na hatimaye Rais.

Katiba ya 2010 iliagiza kwamba utawala wa mikoa uliorithiwa kutoka kwa mkoloni ufanyiwe mageuzi ndani ya miaka mitano ili uafikiane na ugatuzi. Sheria ya Kuratibu Shughuli za Serikali ya Kitaifa ya 2013 iliubadilishia majina, lakini mstari wa kutoka kijijini hadi Ikulu haukukatwa. Gavana wa Taita Taveta huchaguliwa na wananchi; chifu wa Mraru huwajibika kwa Nairobi.

Kila kimoja kati ya vitu hivi kina manufaa yake. M-Pesa imewaokoa wengi na wezi wa njiani, na chifu hutatua ugomvi wa mipaka ya mashamba usiohitaji wakili. Hatari iko pale habari hizi zote zinapoweza kukutanishwa na mkono mmoja, kuhusu mtu mmoja, naye asijue kamwe.

Katiba yasemaje?

Kifungu cha 31 cha Katiba humhakikishia kila mtu haki ya faragha. Mwili wake, nyumba yake na mali yake visipekuliwe. Habari za familia na mambo yake ya binafsi zisidaiwe wala kufichuliwa pasipo ulazima. Na mawasiliano yake yasiingiliwe. Kifungu cha 24 huruhusu haki hiyo iwekewe mipaka, mradi mipaka iwe katika sheria, iwe ya busara na ikubalike katika jamii ya kidemokrasia.

Sheria ya Idara ya Taifa ya Ujasusi, NIS, ya mwaka 2012 ilitumia mwanya huo. Yasema kuwa faragha ya mtu anayechunguzwa yaweza kupunguzwa na mawasiliano yake kufuatiliwa, ila majasusi wawe na kibali cha Mahakama Kuu. Sheria ya Kuzuia Ugaidi nayo humruhusu afisa wa polisi wa cheo cha inspekta mkuu au zaidi kuiomba Mahakama Kuu amri ya kunasa mawasiliano. Ombi hilo husikizwa upande mmoja tu, mshukiwa asiwepo wala asijue.

Mtu mwenye insafu ataelewa ni kwa nini ombi lisikizwe kisiri. Hakuna jasusi atakayemwandikia mshukiwa barua kumwarifu kwamba kuanzia Jumatatu simu yake itasikilizwa. Linaloshangaza ni kwamba usiri huo hauna kikomo. Uchunguzi ukamalizika na mtu akabainika kuwa hana hatia, hakuna anayelazimishwa na sheria kumjulisha kwamba kwa miezi kadhaa mazungumzo yake na mkewe, daktari wake au wakili wake yalikuwa na msikilizaji wa tatu.

Hapo ndipo haki ya faragha inapopoteza meno. Mtu aliyeibiwa mbuzi huona zizi tupu, akaenda polisi. Aliyeibiwa siri haoni chochote. Hawezi kulalamikia jambo asilolijua, na bila mlalamishi mahakama haina kesi. Sheria ya NIS imeunda bodi ya kupokea malalamishi dhidi ya majasusi, lakini bodi hiyo humsubiri mlalamishi ambaye sheria yenyewe imehakikisha hatajitokeza.

Desemba 19, 2014, baada ya mashambulizi ya kigaidi yaliyotikisa nchi, Rais wa wakati huo Bw Uhuru Kenyatta alitia saini marekebisho ya sheria za usalama yaliyopitishwa bungeni katikati ya vurugu. Mojawapo liliviruhusu vyombo vya usalama wa taifa kunasa mawasiliano ili kuzuia ugaidi, kwa taratibu zitakazowekwa na Waziri. Februari 2015 majaji watano wa Mahakama Kuu walifutilia mbali vipengele vinane vya sheria hiyo, lakini vile vya kunasa mawasiliano walivibakisha.

Mamlaka ya Rais

Ni vyema kutazama ni nani wamekaa mezani. Baraza la Usalama wa Taifa huongozwa na Rais. Mkurugenzi Mkuu wa NIS huteuliwa na Rais baada ya kuidhinishwa na Bunge. Waziri anayeweka taratibu za kunasa mawasiliano ni mteule wa Rais. Kamishna wa Data, ambaye Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 ilimkabidhi jukumu la kutetea habari za watu, naye hupitia mchujo wa Tume ya Utumishi wa Umma na Bunge, kisha akateuliwa na Rais. Hata hivyo, sheria hiyo hiyo huondolea masharti mengi habari zinazoshughulikiwa kwa sababu za usalama wa taifa.

Jambo hili halitegemei ni nani anayekalia kiti. Lilikuwa hivyo chini ya Bw Kenyatta na limekuwa hivyo chini ya Rais William Ruto. Serikali ikiwa na nia njema, mamlaka haya humsaka mhalifu. Ikiwa na hofu ya wakosoaji, mamlaka yale yale, kwa karatasi zile zile, humsaka mkosoaji. Kutoka nje, raia hawezi kutofautisha.

Hofu hiyo ilidhihirika baada ya maandamano ya vijana kuhusu Mswada wa Fedha mnamo Juni 2024. Kufikia Desemba mwaka huo, Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu, KNCHR, ilisema ilikuwa imerekodi visa 82 vya watu kutekwa nyara tangu Juni. Polisi walikana kuhusika. Rais aliahidi mwishoni mwa mwezi huo kwamba utekaji ungekomeshwa.

Oktoba 2024, baada ya gazeti moja kuchapisha madai kwamba vyombo vya usalama vilikuwa vikipata habari za wateja wa simu, kampuni ya Safaricom ilikanusha na kusema hutoa habari hizo kwa amri ya mahakama pekee. Kauli hiyo ikichukuliwa kuwa kweli tupu, yazua swali linalofuata. Ni amri ngapi zilizotolewa mwaka huo? Ngapi zilikataliwa? Watu wangapi walifuatiliwa na wangapi kati yao walishtakiwa? Sheria haimlazimu yeyote kuuambia umma.

Historia ya Taita ni funzo

Wakazi wa Taita Taveta wana sababu ya kipekee ya kuogopa tuhuma zisizojibika. Mwaka 1915, wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza, wanajeshi wa Ujerumani kutoka Tanganyika waliishambulia ngome ya Waingereza huko Kasighau. Waingereza waliwashuku wenyeji kuwa ndio waliowapa adui habari. Hapakuwa na kesi. Vijiji vilichomwa na jamii nzima ikahamishiwa Malindi, ambako wengi walikufa. Walionusurika walirejea makwao katika miaka ya 1930.

Sheria ya kipande iliyotungwa mwaka huo huo wa 1915 ilianza kutekelezwa baada ya vita hivyo. Mwanamume Mwafrika alilazimika kutembea na karatasi yenye alama za vidole vyake na rekodi ya waajiri wake, ndani ya kijaluba cha chuma alichokivaa shingoni. Mwaka 1940, Chama cha Taita Hills kilichotetea ardhi ya Wataita kilipigwa marufuku pamoja na vyama vya Wakikuyu na Wakamba, na viongozi wake wakazuiliwa, kwa hoja ya usalama wakati wa vita.

Uhuru haukuizika tabia hiyo. Mwaka 1966 Serikali ilijirudishia uwezo wa kuwaweka watu kizuizini bila kesi. Katika miaka ya 1980 waliotajwa na makachero wa Special Branch waliishia katika vyumba vya mateso vya Nyayo House. Kila mara hoja ilikuwa usalama, mwenye kushuku alikuwa ndiye mwamuzi, na aliyeshukiwa hakuonyeshwa kilichoandikwa juu yake. Kifungu cha 31 kiliandikwa na Wakenya waliokuwa na kumbukumbu hizo.

Hoja ya usalama

Si haki kuipuuza hoja ya upande wa pili. Wakenya 67 na wageni kwa jumla waliuawa Westgate mwaka 2013, zaidi ya watu 60 huko Mpeketoni mwaka 2014, na 148 katika Chuo Kikuu cha Garissa mwaka 2015. Katika mbuga za Tsavo zinazoizunguka Voi, majangili wa pembe za ndovu hupanga safari zao kwa simu. Serikali isiyosikiliza chochote haiwezi kumlinda yeyote.

Watetezi wa hoja hii hupenda kusema kwamba mficha uchi hazai, na asiye na hatia hana cha kuogopa. Methali hiyo ni ya kweli. Lakini mama anayejifungua hujifunua mbele ya mkunga anayemjua kwa jina, kwa muda unaohitajika, kisha mlango hufungwa. Hajifunui sokoni, na mkunga akimtangaza mtaani hushtakiwa kwa wazee. Faragha yahitaji masharti hayo hayo: anayetazama ajulikane, sababu ijulikane, muda uwe na mwisho, na akikosea awepo wa kumwadhibu.

Mahakama zimeonyesha kwamba jambo hilo lawezekana. Aprili 2018, Jaji John Mativo alisimamisha mpango wa Mamlaka ya Mawasiliano wa kuweka mtambo wa kukagua simu katika mitandao ya kampuni, kwa kuwa ulihatarisha faragha. Mahakama ya Rufaa ilibatilisha uamuzi huo mwaka 2020, na rufaa iliyofuata katika Mahakama ya Juu haikufua dafu mwaka 2023. Januari 2020, majaji watatu walizuia Serikali kukusanya chembechembe za DNA na vipimo vya mahali mtu anapoishi katika usajili wa Huduma Namba. Oktoba 2021, Jaji Jairus Ngaah alitangaza kuwa utoaji wa kadi zake ulikiuka sheria ya data.

Wabunge nao, katika mjadala wa Mswada wa Fedha wa 2025, walikataa pendekezo la kuondoa kizuizi kinachoizuia mamlaka ya ushuru, KRA, kudai data za binafsi za wateja wa wafanyabiashara. Na Oktoba 2025, siku chache baada ya Rais Ruto kutia saini marekebisho ya sheria ya uhalifu wa mitandaoni, Mahakama Kuu ilisimamisha kwa muda utekelezaji wa baadhi ya vipengele vyake.

Mifano hii ina jambo moja la kufanana. Yote ilikuwa mipango iliyotangazwa. Iliandikwa katika gazeti rasmi, miswada au barua, mtu akaisoma na kukimbia mahakamani. Wakenya wameshinda na kushindwa, lakini wamepigana. Ufuatiliaji wa mtu mmoja mmoja hautangazwi, na kwa sababu hiyo haupigwi vita na yeyote. Raia ana ngao mahali panapoonekana mkuki, gizani hana.

Afrika Kusini yatoa njia

Ufumbuzi haupaswi kutafutwa mbali. Februari 4, 2021, Mahakama ya Kikatiba ya Afrika Kusini ilitoa uamuzi katika kesi iliyowasilishwa na kituo cha wanahabari wapekuzi cha amaBhungane na mwanahabari Sam Sole, ambaye mawasiliano yake yalikuwa yamenaswa na majasusi. Mahakama iliamua kwamba sheria ya kunasa mawasiliano ilikiuka katiba, kwa sababu miongoni mwa nyingine, haikutaka mtu aliyefuatiliwa ajulishwe baada ya shughuli kumalizika, na haikuwa na kinga ya kutosha kwa kuwa jaji husikiza upande mmoja pekee. Bunge likaagizwa kuirekebisha.

Kenya ina katiba inayofanana na ile kwa mengi. Hatua tatu zaweza kuchukuliwa bila kumfunga jasusi mikono.

Ya kwanza ni taarifa. Mtu aliyefuatiliwa ajulishwe kwa maandishi ndani ya muda uliowekwa na sheria baada ya uchunguzi kwisha. Vyombo vya usalama vikitaka muda zaidi, vimwombe jaji na kumweleza sababu. Mhalifu halisi atakuwa amekwisha kushtakiwa. Asiye na hatia atakuwa na waraka wa kwenda nao mahakamani.

Ya pili ni wakili wa asiyekuwepo. Maombi haya yanaposikizwa kisiri, awepo wakili aliyeapishwa kutunza siri, kazi yake ikiwa kumuuliza jasusi maswali ambayo mshukiwa angeyauliza. Jaji anayesikia hadithi ya mtu mmoja kila siku ataizoea, hata awe hodari namna gani.

Ya tatu ni hesabu. Kifungu cha 240 cha Katiba tayari hulitaka Baraza la Usalama wa Taifa kutoa ripoti ya kila mwaka kwa Bunge kuhusu hali ya usalama. Ripoti hiyo ionyeshe idadi ya maombi ya kufuatilia mawasiliano, yaliyokubaliwa, yaliyokataliwa, na watu waliofikishwa mahakamani kutokana nayo. Kampuni za simu nazo ziruhusiwe na zilazimishwe kutangaza idadi ya amri walizopokea. Idadi haimfichui jasusi wala haimwonyi gaidi. Humwonyesha mbunge iwapo kibali cha mahakama ni kizuizi au ni muhuri tu.

Hatua hizi zahitaji sheria, na sheria yahitaji wabunge watakaoidai kabla ya Ikulu kukubali. Hakuna rais aliyewahi kujipunguzia uwezo wa kujua mambo kwa hiari yake, na si busara kumsubiri wa kwanza. Wabunge wa Taita Taveta, ambao wazee wao walihukumiwa kwa tuhuma mwaka 1915 na kunyamazishwa mwaka 1940, wana haki zaidi ya wengi ya kuuwasilisha mswada wa aina hiyo.

Wanawake wa Mraru wanaochanga leo kwa simu hawaombi Serikali ifumbe macho. Wanastahili kile ambacho daftari la zamani liliwapa: kujua ni nani amelifungua, lini, na alikuwa akitafuta nini.